Kuchagua Hedifoni za Utando Bapa za Bei Nafuu na Kuziacha Zilivyotoka Kiwandani

Hedifoni za utando bapa, yaani vipokea sauti vya kichwani vinavyotumia utando mpana unaosukumwa na sumaku badala ya koni ndogo, zilikuwa kwa miaka mingi bidhaa ya wenye fedha, lakini leo zinapatikana kwa bei ambayo mwalimu au karani anayejinyima kwa miezi kadhaa anaweza kuifikia. Unafuu huo umezaa tatizo la aina nyingine, kwa kuwa mnunuzi anajikuta mbele ya hedifoni tatu au nne zinazofanana umbo na sifa zilizoandikwa kwenye boksi, huku ushauri mwingi anaokutana nao ukimtaka anunue yoyote kati ya hizo, kisha aifungue, aijaze pamba, abadili mito yake na kuichokonoa mpaka isikike anavyotaka. Makala haya yanashikilia msimamo tofauti: kwa msikilizaji anayeishi mwambao wa kaskazini mwa Tanzania, awe Tanga mjini, Pangani au Tongoni, kijiji cha magofu ya msikiti na makaburi ya kale kilicho takriban kilomita 17 kusini mwa Tanga, hedifoni ya kununua ni ile anayoweza kuishi nayo kama ilivyo, na mambo yanayotofautisha moja na nyingine yanaweza kupimwa kabla fedha haijatoka mfukoni.

Uamuzi huo unahitaji kwanza kueleweka kwa namna kifaa kinavyofanya kazi. Katika hedifoni za kawaida, koili ndogo ya waya hugandishwa nyuma ya koni na kuisukuma kutoka sehemu moja, ilhali katika hedifoni ya utando bapa njia nyembamba ya metali huchapwa juu ya utando wenyewe, ambao huwambwa kwenye fremu mithili ya ngozi ya ngoma na kuwekwa kando ya safu za sumaku au katikati yake. Umeme wa muziki unapopita katika njia hiyo, karibu eneo lote la utando husukumwa kwa pamoja, na hiyo ndiyo sababu ya sifa kuu ya hedifoni hizi, ambayo ni besi iliyonyooka na yenye mchafuko mdogo, mchafuko ukiwa na maana ya sauti za ziada ambazo hazimo katika rekodi. Wazo hili si geni. Yamaha ilitoa HP-1 mwaka 1976, na Fostex, kampuni nyingine ya Japani, imekuwa ikitengeneza hedifoni za aina hiyo tangu muongo huohuo. Kilichobadilika baadaye ni kupatikana kwa sumaku za neodimiamu, zilizobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambazo zina nguvu kubwa kwa ukubwa mdogo, na baada yake kuingia kwa viwanda vya China katika biashara hii.

Katika bei ya chini, majina yanayojirudia ni machache. Hifiman HE400se, iliyotoka mwaka 2021 kwa dola za Marekani 149, imekuwa ikiuzwa baadaye kwa takriban dola 110. Sundara ya kampuni hiyohiyo ilianza mwaka 2018 kwa dola 499 na imeshuka hatua kwa hatua hadi karibu dola 300, na mara nyingine chini ya hapo. Fostex T50RP, hasa toleo la MK3, ni mkongwe wa studio ambaye amefumuliwa na mafundi wa nyumbani kuliko hedifoni nyingine yoyote ya aina hii. Moondrop Para ni mgeni wa mwaka 2024 mwenye bei ya kushindana na Sundara. Zote hutumia waya, kwa hiyo anayetafuta Bluetooth hana sababu ya kuendelea na mjadala huu.

Jambo la kwanza la kupimwa ni umeme unaohitajika, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea, kwa sababu maboksi huandika tarakimu zinazoonekana kulinganishika ilhali hazilinganishiki. Tarakimu mbili ndizo zenye maana: ukinzani, unaopimwa kwa omu, na usikivu, yaani ukubwa wa sauti inayotoka kwa kiasi fulani cha umeme, unaopimwa kwa desibeli. HE400se ina omu 25 na usikivu wa desibeli 91. Sundara ina omu 37 na desibeli 94. T50RP MK3 ina omu 50 na desibeli 92. Tarakimu hizo za usikivu huchukuliwa kuwa ni za miliwati moja, yaani sehemu moja ya elfu ya wati. Para, kwa upande wake, imeandikiwa omu 8 na desibeli 101, na mtu asiye makini atadhani kwamba ndiyo rahisi zaidi kuiendesha, kumbe desibeli hizo 101 ni za volti moja, na volti moja katika omu 8 ni miliwati 125. Ikigeuzwa kwenye kipimo cha miliwati, Para inabaki na takriban desibeli 80 tu, hivyo ndiyo yenye kiu kubwa kuliko zote nne.

Maana yake huonekana vizuri zaidi inapohesabiwa kwa kilele cha desibeli 110, kiwango ambacho muziki hukigusa kwa nukta chache tu lakini ambacho kifaa kinapaswa kukimudu ili kisipasue sauti. HE400se huhitaji kwa hesabu hiyo takriban volti 1.4, T50RP volti 1.8, na Sundara volti 1.2, ilhali Para hudai karibu volti 2.8 na mkondo wa miliampia zaidi ya 350, jambo lisilowezekana kwa simu yoyote. Vile vidude vidogo vinavyochomekwa kwenye tundu la Type-C ili kupata tundu la hedifoni hutofautiana sana: kile cha Apple kinachouzwa Marekani hutoa volti moja, na kile cha soko la Ulaya hutoa nusu yake. Kwa volti moja HE400se hufikia desibeli 107 na Sundara 108, ambazo zinatosha kwa mtu asiyependa makelele. Kwa nusu volti hupungua desibeli 6, na hapo muziki wenye vilele virefu utaanza kukosa nguvu. Kidude hichohicho kikichomekwa kwenye simu nyingi za Android hutoa sauti ndogo kuliko uwezo wake, kwa sababu ya namna simu hizo zinavyokitawala, kwa hiyo mwenye Android atafanya vyema kununua cha kampuni nyingine ambacho volti zake zimetajwa waziwazi.

Habari njema ni kwamba ukinzani wa hedifoni za utando bapa haubadiliki kutoka noti ya chini hadi ya juu. Katika hedifoni nyingi za koni ukinzani hupanda na kushuka, na zikichomekwa kwenye amplifaya ya zamani yenye ukinzani mkubwa katika tundu lake la hedifoni, besi huweza kuvimba au sauti kupotoka. Hedifoni za utando bapa hazipatwi na hayo. Amplifaya ya aina hiyo huzipunguzia ukubwa wa sauti tu, na rangi ya muziki hubaki ilivyokuwa. Kwa hiyo amplifaya ya mezani iliyorithiwa nyumbani haina haja ya kutupwa eti kwa sababu haikutengenezwa kwa ajili yake, ingawa umeme ukikatika mwenye simu na kidude chake ataendelea kusikiliza ilhali mwenye amplifaya atasubiri.

Baada ya umeme ndipo huja sauti yenyewe, na hapa ushauri wa jumla hauna thamani kubwa kama haukufungamanishwa na muziki unaosikilizwa. Tanga ina urithi wake: katika miaka ya 1960 na 1970 Black Star Musical Club, na baadaye Lucky Star, zilitengeneza taarabu iliyopunguza wingi wa fidla wa Unguja na kuweka gitaa la umeme, gitaa la besi na ngoma ndogo, huku sauti ya Shakila Saidi, aliyefariki mwaka 2016, ikibeba mashairi mbele ya vyote. Wakati huohuo mji huo ulikuwa na bendi za dansi kama Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Katika muziki wa namna hii neno ndilo mhimili, na neno hukaa katika sauti za kati, kati ya hezi 300 na hezi 4,000 hivi, hezi zikiwa ni idadi ya mitetemo kwa sekunde. Hifiman nyingi, HE400se na Sundara zikiwamo, zina bonde la wastani kati ya hezi 1,000 na 2,000, ambalo huupa muziki hisia ya nafasi na umbali, lakini humrudisha mwimbaji hatua moja nyuma. Anayesikiliza okestra kubwa atalifurahia bonde hilo. Anayefuata mafumbo ya shairi anaweza kulikuta linamnyima kitu. T50RP ina tabia iliyo karibu na kinyume chake, sauti za kati zikiwa mbele na besi ya chini kabisa ikififia, na hiyo ndiyo moja ya sababu watu huifungua.

Kati ya HE400se na Sundara, tofauti ya sauti ni ndogo kuliko tofauti ya bei inavyodokeza. Sundara hutenganisha vyombo kwa uwazi zaidi na ina fremu imara zaidi, lakini mkondo wa sauti zao unafanana mno, na rekodi ya zamani iliyopitia kanda na redio haibebi maelezo ya kutosha kuudhihirisha ubora huo. Mwenye maktaba iliyojaa rekodi za kale atakuwa amelipia kitu ambacho rekodi zake hazina.

Jambo lisilopewa uzito unaostahili ni jinsi hedifoni inavyokaa kichwani. Besi ya utando bapa hutegemea mto unaogusa ngozi pande zote, na mwanya wowote huivujisha. Ushungi unaopita chini ya mto, mikono minene ya miwani, au ukingo wa kofia vinatosha kuondoa sehemu kubwa ya besi, hata mtu akadhani hedifoni ni mbovu. Mwanamke anayesikiliza akiwa amejistiri anapaswa kuijaribu akiwa katika vazi hilohilo, na si vinginevyo, kwa kuwa tathmini zote alizosoma zilipimwa kwa kichwa kitupu. Uzito nao ni sehemu ya suala hili: gramu 390 za HE400se na 372 za Sundara hazionekani kuwa nyingi kwenye karatasi, ila katika joto la Februari, jasho likiwa limejaa chini ya mito, saa ya pili huwa si sawa na ya kwanza.

Halafu kuna uwazi. HE400se, Sundara na Para ni hedifoni wazi, maana yake mgongo wa kikombe una wavu unaoruhusu sauti kutoka na kuingia, na T50RP iko nusu wazi. Hedifoni wazi katika nyumba ya pwani, ambayo madirisha yake hayafungwi na feni yake ya dari haizimwi, hupokea kila kinachopita nje, kuanzia bodaboda hadi upepo wa kusi kwenye minazi, na kelele za chini za feni hufunika besi ileile ambayo mnunuzi aliitolea fedha. Wanaolala chumba kimoja naye watausikia muziki wake pia. Kwa mtu asiye na saa tulivu za usiku au alfajiri, uamuzi wa busara unaweza kuwa kuachana na aina hii kabisa na kununua hedifoni ya koni iliyofungwa. Hakuna aibu katika hilo.

Mazingira ya bahari yanaongeza hoja ambayo waandishi wa Ulaya na Marekani hawana sababu ya kuigusa. Sumaku za neodimiamu hushika kutu upesi zikikosa gamba lake la kinga, ambalo mara nyingi ni nikeli, na hewa ya chumvi hutafuta kila ufa. Mito ya ngozi bandia hubanduka vipande vipande katika joto na unyevu, na pini ya milimita 3.5 hupata kutu ya kijani inayoleta mikwaruzo ya sauti. Vumbi la chuma ni adui mwingine, kwa sababu sumaku hulivuta kupitia wavu na likifika kwenye utando haliondoki kirahisi. Hedifoni hizi hazipaswi kuwekwa juu ya meza ya fundi wa kuchomelea wala karibu na msasa wa chuma. Mkebe unaofungwa vizuri, wenye vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu, ni kinga ya bei ndogo. Vilevile hedifoni haipaswi kubandikwa masikioni kwa kishindo, kwani hewa inayobanwa ghafla huukunja utando.

Mambo hayo ya hali ya hewa ndiyo yanayofanya ufumuaji uwe na gharama kubwa zaidi huku kuliko kwingineko. Anayeifungua T50RP ili aweke pamba, feliti au udongo wa kuchezea nyuma ya utando hubadili namna hewa inavyofyonzwa ndani ya kikombe, na huweza kweli kupata besi zaidi. Lakini gundi hulegea katika joto, pamba hunywa unyevu, na matokeo ya mwezi wa kwanza si yale ya mwaka wa pili. Dhamana ya kiwanda hufa siku skurubu zinapofunguliwa. Zaidi ya yote, hedifoni iliyochokonolewa haifanani tena na ile iliyopimwa na kuelezwa na wengine, hivyo mmiliki hupoteza uwezo wa kuilinganisha na nyingine au kuiuza kwa bei ya haki. Mito mipya ya aina tofauti nayo ni mabadiliko, tena makubwa, kwa kuwa unene wake na kitambaa chake hubadili umbali wa sikio na utando. Kila tathmini inayosomwa inafaa kuulizwa ilitumia mito gani. Mito ikichakaa ibadilishwe kwa ileile.

Kuna njia moja ya kurekebisha sauti bila kugusa kifaa, nayo ni ikwalaiza, yaani programu inayopandisha au kushusha sehemu fulani za sauti kabla hazijafika kwenye hedifoni. Wavelet kwa simu za Android na Equalizer APO kwa kompyuta za Windows hufanya kazi hiyo bila malipo ya msingi, na hedifoni za utando bapa, kwa sababu ya mchafuko wake mdogo, huvumilia kuongezwa besi kuliko nyingi za koni. Bonde la Hifiman lililotajwa hapo juu linaweza kujazwa kwa desibeli 2 au 3, na mwimbaji akasogea mbele. Sharti ni moja: kinachoongezwa popote kipunguzwe kwenye sauti ya jumla kwa kiasi hichohicho, la sivyo vilele vitakatwa. Mabadiliko yasipompendeza msikilizaji, hufutwa kwa kugusa kioo mara moja, jambo lisilowezekana kwa gundi.

Anayepata bahati ya kujaribu hedifoni mbili pamoja, iwe dukani Dar es Salaam au kwa rafiki, ahakikishe zinacheza kwa ukubwa uleule wa sauti, kwa kuwa sikio huipendelea iliyo juu kidogo hata kwa desibeli moja na kuiita bora. Kipande cha boksi gumu chenye tundu la kupitisha maikrofoni ya simu, kikibanwa kwenye mto wa kila moja, kinatosha kulinganisha ukubwa huo kwa programu ya kupima desibeli. Tarakimu zenyewe hazitakuwa sahihi, ila ulinganisho utakuwa wa kuaminika.

Hedifoni mbili za jina moja pia hazilingani kikamilifu, na mara nyingi kasoro ya kweli imo kati ya upande wa kulia na wa kushoto. Rekodi za zamani za Afrika Mashariki husaidia sana hapa, kwa sababu nyingi zimebaki katika mono, yaani mkondo mmoja unaopelekwa sawasawa pande zote mbili. Sauti ya mwimbaji wa mono inapaswa kukaa katikati kabisa ya kichwa na kubaki hapo anapopanda na kushuka. Ikiegemea upande mmoja, hedifoni igeuzwe, kulia kukae kushoto. Egemeo likihama pamoja nayo, kasoro iko kwenye hedifoni, waya au chanzo, na likibaki palepale, sikio la msikilizaji ndilo linalotofautiana. Waya ukibadilishwa nao pande, chanzo cha tatizo hubainika zaidi. Jaribio hili lifanyike ndani ya siku za kurudisha bidhaa, pamoja na sauti ya majaribio inayopanda taratibu kutoka hezi 20, ambayo utando wenye kasoro huijibu kwa kutetemeka vibaya.

Bei ya mwisho ihesabiwe kabla ya kuagiza. Bidhaa inayoagizwa kutoka nje hukadiriwa kodi kwa bei pamoja na usafirishaji na bima, ikiwamo VAT ambayo Tanzania Bara ni asilimia 18 kwa bidhaa zinazoingizwa, na kuirudisha China kwa ajili ya matengenezo huweza kula nusu ya thamani ya hedifoni ya dola 110. Kwa hiyo muuzaji aliye nchini, anayekubali kubadilisha iliyo mbovu, anastahili kulipwa zaidi kidogo. Masikio nayo yana bei yake: Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima kiwango kisichozidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na hedifoni zenye mchafuko mdogo humhadaa msikilizaji aongeze sauti bila kuhisi kwamba amevuka.

Kwa hali ya mwambao huu, basi, msikilizaji mwenye chumba tulivu, simu na kidude cha volti moja au zaidi anunue HE400se na kuisogezea sauti za kati kwa ikwalaiza. Mwenye rekodi mpya zilizorekodiwa vizuri, na ambaye tofauti ya bei haimuumizi, achukue Sundara. Para iachiwe mwenye amplifaya ya mezani yenye mkondo wa kutosha. T50RP ni kifaa kizuri cha studio, lakini anayeipenda kwa ajili ya kile itakachokuwa baada ya kufunguliwa asiinunue.